Kumaliza Viporo vya Kazi: Mwongozo Kamili kwa Anayeahirisha

Kuna kazi moja unayoijua, ambayo ungefurahi sana kama leo ingekuwa imekwisha. Pengine ni ripoti ya robo mwaka iliyotakiwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, wiki iliyopita. Pengine ni sura ya tatu ya utafiti wako pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au gauni la mteja lililokatwa tangu mwezi jana na bado limekunjwa ndani ya mfuko, au shamba la Chamwino ambalo halijafyekwa na mawingu yameshaanza kujikusanya. Ishike kazi hiyo moja akilini mpaka mwisho wa mwongozo huu. Ukisoma huku unawaza kubadili maisha yako yote, utamaliza umefurahi na hakuna kitakachosogea.

Elewa kwanza unakimbia nini

Watu wengi wanaoahirisha hujiita wavivu, na wanakosea. Mvivu halali vibaya kwa sababu ya kazi aliyoiacha. Anayeahirisha hutaabika nayo. Utamkuta ofisini tangu saa moja na nusu asubuhi, amepanga mafaili, amewasaidia wenzake kujibu barua, amefuta vumbi mezani, jioni amechoka kweli, na ile ripoti haijaguswa.

Mwaka 2013 watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba kuahirisha ni njia ya kutuliza hisia mbaya kwa muda mfupi. Kazi inaleta wasiwasi, uchovu wa moyo au aibu. Ukiisogeza pembeni unapata nafuu palepale, na mzigo unamwachia wewe wa kesho. Nafuu ile ndiyo hatari yenyewe, maana mwili unajifunza kwamba kukimbia kunalipa, na safari ijayo utakimbia mapema zaidi.

Ndiyo maana kujigombeza hakusaidii. Unaongeza uchungu juu ya kitu ambacho tayari unakikimbia kwa uchungu wake. Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi waliochelewa kujisomea mtihani wa kwanza. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, wale waliojisamehe walipunguza kuahirisha walipojiandaa na mtihani uliofuata. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, sema mara moja tu: nimechelewa, imetokea, sasa naanza. Kisha usilirudie.

Hatua ya 1: Andika viporo vyote, na kila kimoja ukipe jina la hisia yake

Chukua kaunta buku, si simu. Jumapili jioni kaa uandike kila kazi uliyoiahirisha, kubwa na ndogo, ya ofisini na ya nyumbani. Mbele ya kila moja andika kwa nini huigusi, kwa maneno ya kweli: sijui pa kuanzia, inachosha, naogopa kukosea, namwonea haya mtu, sikubaliani nayo. Hapa usikimbilie, maana kila sababu ina dawa yake na dawa ya moja haitibu nyingine.

"Sijui pa kuanzia" hutibiwa kwa kuuliza. Mwanafunzi anaweza kukaa mwezi mzima na sura ya mbinu za utafiti kwa sababu moja tu: hajui sampuli aipateje. Swali la dakika kumi kwa msimamizi wake lingeifungua sura nzima, lakini anaona aibu kuuliza kitu anachodhani alipaswa kukijua. Andika swali lenyewe kama utakavyolisema, ulitume leo.

"Naogopa kukosea" hutibiwa kwa kujiruhusu kuandika rasimu mbaya ambayo hakuna atakayeiona. Andika aya kama unavyomsimulia rafiki, bila kurudi nyuma kurekebisha. Kurekebisha ni kazi nyingine, ya saa nyingine.

"Namwonea haya" ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa macho yangu ndiyo inayolaza kazi nyingi zaidi hapa kwetu. Mchukue fundi cherehani wa Majengo. Alipokea malipo ya awali, na hapana shaka alikuwa na nia njema, akakata kitambaa, akagundua kipimo cha kifua amekikosea. Kushona upya ni kazi ya saa chache tu. Lakini mteja akipiga simu, fundi haipokei. Akimwona kwa mbali anaingia duka la jirani. Wiki zinakwenda, na sasa lile gauni haligusi kabisa, kwa kuwa akilitazama anamwona mwenye nguo. Huyu hahitaji ratiba wala nidhamu mpya. Anahitaji simu ya dakika mbili: "Shikamoo mama. Nguo yako sijaimaliza, na kosa ni langu, kipimo nilikikosea. Jumatano saa kumi jioni naomba upite ujaribishe." Mama atagomba kidogo, kisha atauliza kama apite saa kumi au saa kumi na moja. Baada ya hapo gauni linashoneka, kwa sababu linarudi kuwa kitambaa tu. Kama kiporo chako ni cha aina hii, anza na mtu, kazi itafuata.

Na "sikubaliani nayo"? Hiyo ipeleke hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Futa usichokusudia kukifanya

Pitia orodha, ukate kwa kalamu kila kitu ambacho ndani ya moyo unajua hutakifanya. Kisha mwambie anayekisubiri. Kusema "hili sitaliweza, naomba umtafute mtu mwingine" kunauma siku moja. Kunyamaza kunauma miezi. Ukibaki na kazi zaidi ya tano, chagua tatu za wiki hii na nyingine uzifunike ukurasa mwingine.

Hatua ya 3: Hesabu siku kwa kuanzia mwisho

Kanda ya kati inafundisha jambo hili kuliko mahali pengi. Dodoma na Singida tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Hatuna vuli na masika, kwamba ukikosa huku utapata kule. Mkulima wa mtama au alizeti ambaye mvua ya kwanza inamkuta bado anatafuta jembe, ameshapoteza maji ambayo hayarudi mpaka mwaka ujao. Wengi huishia kuberega, yaani kufyeka na kupanda juu ya ardhi ambayo haikulimwa, kwa kuwa muda wa kutifua haupo tena. Mwenye shamba la zabibu naye anajua kwamba siku ya kupogoa ndiyo inayoamua siku ya kuvuna.

Kwa hiyo anza na siku ya mwisho, urudi nyuma. Kama unataka mbegu iwe tayari kuingia ardhini mwanzoni mwa Desemba, shamba liwe limelimwa katikati ya Novemba. Ili lilimwe wakati huo, Oktoba iwe ya kufyeka na kusafisha, na mwenye trekta au maksai awe ameshaahidiwa kabla watu wote hawajamkimbilia. Ili Oktoba uweze kufyeka, Septemba vibarua wawe wamepatikana na fedha yao imetengwa. Ghafla unaona kwamba kazi ya Desemba inaanza Septemba. Ripoti ya ofisini ni vilevile: kama inatakiwa Ijumaa, na mkuu wako huchukua siku mbili kuisoma, siku yako ya mwisho ni Jumanne.

Halafu ongeza muda. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, la kukadiria muda wa kazi kwa kuifikiria itakavyokwenda vizuri na kusahau zile za nyuma zilivyokwenda. Ukitaka kujua kazi itachukua siku ngapi, usiuulize moyo wako, uulize mwaka jana. Kama ripoti iliyopita ilikula siku sita, na hii pia ni siku sita, hata kama safari hii unajisikia mwenye nguvu.

Hatua ya 4: Ifanye hatua ya kwanza iwe ya mikono

"Kuandaa shamba" huwezi kukifanya kesho asubuhi. "Kunoa panga na kufunga mpini wa jembe nikiwa barazani" unaweza. "Kuandika ripoti" haifanyiki. "Kufungua faili, kuandika kichwa cha habari na majina ya sehemu nne" inafanyika. Kipimo ni hiki: mtu mwingine akikutazama anaweza kuona unaifanya? Kama anaona umekaa tu unafikiri, bado hujaikata vya kutosha.

Fanya iwe ndogo kiasi kwamba utaona aibu kuikataa.

Hatua ya 5: Ipe saa na mahali, kwa mtindo wa "nikisha… basi…"

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1999 kwamba watu hutekeleza nia zao kwa wingi zaidi wanapozifunga na tukio maalumu. Kusema "wiki hii nitajitahidi" hakufungi kitu. Sema hivi: "Nikishashuka kwenye daladala na kusaini mahudhurio, kabla sijawasha data, naandika aya moja ya ripoti." Au: "Nikishawapeleka watoto shule, kabla sijafungua genge, naandika mauzo ya jana." Andika sentensi yako ukutani au juu ya jalada la ile kaunta buku.

Kuhusu saa yenyewe, sikiliza jua la hapa. Oktoba na Novemba, chumba chenye bati bila dari kikifika saa saba mchana, kichwa hakichambui takwimu. Kazi ngumu iwekwe asubuhi. Kwa aliyeajiriwa serikalini, kati ya saa moja na nusu na chai ya saa nne kuna saa mbili na nusu, na hizo ndizo saa nzuri kuliko zote katika siku. Watu wengi huzitumia kusalimiana na kusoma meseji, kisha saa tisa na nusu wanabeba ripoti kwenda nayo nyumbani, ambako hawaifungui. Salamu ni lazima na ni nzuri. Msalimie kila mtu, ulizia wa nyumbani, kisha kaa. Kikao chochote unachoweza kukiomba kiwe baada ya chai, kiombe. Mambo mepesi, kama kujibu barua, kusaini na kufuatilia malipo, yapeleke mchana.

Kama kazi inahitaji intaneti au umeme, pakua nyaraka na chaji kompyuta usiku. Mtu anayekimbia kazi hufurahi kimoyomoyo umeme unapokatika, kwa hiyo jinyime hiyo sababu mapema.

Hatua ya 6: Fanya kwa vipande vya muda

Francesco Cirillo wa Italia, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kujipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi moja, dakika 5 za kupumzika, na baada ya vipande vinne mapumziko marefu. Utaratibu wake umeenea duniani kwa sababu ni rahisi. Kwa kazi ambayo umeikimbia muda mrefu, dakika 25 zinaweza kuwa nyingi. Anza na 10. Zikiisha na bado unataka kuendelea, endelea. Zikiisha umechoka, acha, umeshatimiza.

Hesabu muda kwa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Ina saa ya kengele, haina video, na mtu mwenye dharura bado atakupata. Simu janja ibaki chumba kingine au ndani ya droo iliyofungwa. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi.

Wapo wanaosema ujifute kwenye magrupu. Ushauri huo hautufai. Ukijitoa kwenye grupu la ukoo, la kikoba au la jirani aliyefiwa, unaonekana umejitenga, na siku yako ikifika utaikumbuka. Yanyamazishe, kisha jiwekee saa za kuyapitia: saa nne wakati wa chai, saa saba, na saa kumi na moja jioni. Andika mara moja kwenye grupu la nyumbani: "Asubuhi niko kazini, mwenye dharura anipigie." Watu wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Hatua ya 7: Pata mtu wa kumwonyesha

Mtazame mwanachama wa kikoba. Hata mwezi uwe mgumu kiasi gani, siku ya kikao hisa anaileta, kwa sababu sanduku linafunguliwa mbele ya wote na jina lake linasomwa. Mtu huyohuyo akiachiwa aweke akiba peke yake, hataweka. Tatizo lake halikuwa fedha tu. Alikosa macho ya wenzake.

Tafuta mtu mmoja, asiwe bosi wako wala mtu unayemwogopa. Kila asubuhi mtumie sentensi moja: "Dada, leo kabla ya chai: aya tatu za utangulizi." Saa nne mtumie picha ya ukurasa. Yeye naye akutumie yake. Hakuna kusifiana kupita kiasi na hakuna kusutana. Mkwepe mwenzi ambaye kila siku atakujibu "pole, kesho ipo", hata kama mnapendana sana.

Ukiwa wewe ndiye kiongozi, chukua hatua hii kwa uzito. Ofisi nyingi zinaendeshwa zimamoto: kazi inakaa juu wiki tatu, kisha inashushwa saa nane mchana na kutakiwa kesho yake. Watumishi wanajifunza kwamba hakuna haja ya kuanza mapema, kwa kuwa maelekezo yatabadilika. Ukimpa mtu kazi, mwambie mambo matatu: nani ataisoma, iwe na ukubwa gani, na siku gani unataka kuona rasimu hata ikiwa mbovu. Na ukiwa ndiye unayepewa, uliza hayo matatu kabla hujatoka mlangoni.

Hatua ya 8: Jiandae kwa msiba, mgeni na safari

Hapa ndipo miongozo mingi inapotuacha, kana kwamba mtu anaishi peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Kwetu mgeni haombi miadi. Akija, mpokee: "Karibu sana mjomba, pumzika hapo, maji haya, nimalizie hiki kwa dakika kumi nakuja tuongee." Mjomba hatakasirika. Kinachoudhi ni kumkalia kando huku macho yako yako kwenye kompyuta.

Msiba ukitokea, nenda. Kabla hujaondoka, andika mstari mmoja kwenye kaunta buku: nimeishia wapi, na kitu kinachofuata ni kipi. "Nimemaliza jedwali la pili. Kinachofuata ni kueleza kwa nini mauzo ya Februari yalishuka." Mstari huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Anayerudi kutoka Kondoa au Manyoni baada ya siku nne hukuta kazi imekuwa ngeni, hajui aishike wapi, na hapo ndipo kiporo kipya kinazaliwa. Siku ya kwanza baada ya kurudi usijaribu kufidia. Fanya kipande kimoja cha dakika kumi, basi.

Usiogope kwamba umevunja mazoea yako. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, na mwaka 2010 walichapisha walichokiona: kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi mpaka kitendo kianze kuja chenyewe, ila makadirio kwa mtu mmoja mmoja yalitofautiana sana, toka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo jipe msimu mzima wa mvua, na zoea liwe moja tu. Ukishaona asubuhi unakaa kwenye ripoti bila kujilazimisha, ndipo uongeze la pili.

Hatua ya 9: Ijumaa jioni, funga hesabu

Robo saa inatosha. Andika ulichomaliza, kilichokwama na kilikwama kwenye hisia gani, kisha hatua ya kwanza ya Jumatatu. Ukiona kazi ileile imekwama Ijumaa tatu mfululizo, usiihamishe tena kwenda ukurasa mpya. Irudishe hatua ya 1 na ya 2: huenda sababu uliyoiandika haikuwa ya kweli, au ni wakati wa kuifuta.

Inapokuwa zaidi ya kuahirisha

Hatua hizi zinamsaidia mtu ambaye kazi fulani zinamshinda. Kuna hali nyingine, ambapo kila kitu kinamshinda. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa hamu hata ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, usingizi umeharibika, kula kumebadilika, unajiona huna thamani, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakupitia, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Vilevile kama tangu utotoni, shuleni na nyumbani, hujawahi kuweza kutulia kwenye jambo moja na kulimaliza, daktari anaweza kukupima.

Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, na watu bado wanaliogopa jina lake kwa maneno ya mitaani. Wanaotibiwa huko wengi wanarudi makwao na kazini kwao. Ukiona ni vigumu kuanzia pale, anza na kituo cha afya kilicho karibu, wakupe rufaa ikihitajika. Kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usingoje Jumatatu: mwambie mtu wa karibu sasa hivi akusindikize. Ukifika kwa daktari, mweleze hali ilianza lini, unalala saa ngapi, umeacha kufanya nini ulichokuwa ukikiweza, na kama unatumia pombe au dawa yoyote. Yaandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana ukikaa mbele yake unaweza kusema tu kwamba umechoka.